"Imepimwa maabara": hivi maabara inapimaje msisimko wa mtu? (Uzi mrefu, chemsheni chai)

FundiSaketi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jana nimeshuka Msimbazi kutafuta betri, nikamkuta jamaa kabeba spika begani anauza vumbi. Vumbi gani, mnalijua, lile la nguvu za kiume. Spika inapiga kelele: "Imepimwa maabara, imethibitishwa!" Mimi riziki yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, kwa hiyo neno "imepimwa" huwa haliniachi nipite. Nikamuuliza imepimwa kwa kifaa gani. Akanitazama kama ameona mgambo wa jiji, akaongeza sauti ya spika.

Swali nikapanda nalo mwendokasi, nikasimama nalo mpaka Kimara, nikalala nalo. Mtu akitaka kupima msisimko wa kimapenzi wa mwili wa mwenzake, anapimaje? Nimekesha nasoma, na mengine nilikuwa nayajua kwa sababu ya kazi. Naweka hapa nilichopata. Watoto wakapumzike, na wenye mizaha mkumbuke mke wangu naye anapita humu.

Jambo la kwanza: hakuna mashine inayopima hamu. Karibu vifaa vyote vinavyotumika vinafukuzia kitu kimoja, damu iliyoingia kwenye viungo vya uzazi. Mwili ukisisimka mishipa ya huko inalegea, damu inaingia kwa wingi kuliko inavyotoka. Kwa mwanaume, uume unajaa. Kwa mwanamke, kuta za uke zinajaa damu, na majimaji yanachujwa kutoka kwenye damu hiyo yanapenya ukutani, ndio ule ute. Ni kazi ya mabomba na vali tu.

Kifaa cha wanaume kinachotumika sana ni pete. Mpira mwembamba, ndani mtupu, umejazwa zebaki, siku hizi pia mchanganyiko wa galiamu na indiamu. Umeme mdogo sana unapita humo. Uume ukipanuka mpira unavutika, uzi wa zebaki unarefuka na kukonda, ukinzani wa umeme unapanda, kompyuta inageuza ukinzani kuwa milimita za mzingo. Fundi redio yeyote anaielewa kabla chai haijapoa. Kuna kioja kimoja hapo: mwanzoni kabisa uume hurefuka kabla ya kunenepa, kwa hiyo pete inaweza kuonyesha mzingo umepungua. Mtafiti mgeni ataandika jamaa kakinai, kumbe ndio kwanza anaanza.

Cha wanawake kilitengenezwa na Sintchak na Geer mwaka 1975, na nyote mmewahi kukiona ndugu yake. Mnakumbuka wakati wa corona kila mtu anatafuta kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni? Kile kinawasha taa, upande wa pili kuna jicho linalopokea mwanga, kila mapigo ya moyo damu inaongezeka kidogo kidoleni na mwanga unaopita unapungua. Basi kifaa cha uke ni kanuni ileile. Kimetengenezwa kwa plastiki ngumu iliyo angavu, ukubwa wa tamponi, ndani kuna taa ya infraredi na jicho lake. Tofauti ni kwamba kwenye kidole mwanga unapenya upande hadi upande, huku unagonga ukuta na kurudi. Damu ikiwa nyingi, mwanga unaorudi unabadilika, na wimbi la kila pigo la moyo linakuwa refu zaidi kwenye skrini. Urefu wa wimbi hilo ndio kipimo.

Jina lake kwa ujumla ni pletismografu. Msinilaumu, si mimi niliyelibuni.

---

pweza_wa_feri

Mkuu, naomba kujua kama supu ya pweza ilishawahi kupitishwa kwenye hiyo pete. Naulizia mteja wangu.

---

KakaKigamboni

Mteja wako au wewe? 😂

Nimekaa hapa mbele na karanga mbichi. Endelea fundi.

---

Mzee wa Mapipa

Nyie vijana mna nafasi. Mimi nina swali moja la mtu mzima. Huyo aliyevishwa hiyo pete anaonyeshwa nini, na nani amekaa naye chumbani? Maana mimi nikiwa na daktari mlangoni, hata huyo pweza wenu hasaidii.

---

FundiSaketi

Shikamoo mzee wangu. Hilo ndilo swali walilohangaika nalo miaka mingi. Anakuwa peke yake, mlango umefungwa, kifaa anakivaa mwenyewe. Mtafiti yuko chumba cha pili, wanaongea kwa kipaza sauti kama cha getini.

Na hawaanzi na picha zenyewe. Kwanza anaonyeshwa kitu cha kupoza, mandhari, wanyama, mto unapita, ili wajue mwili wake ukitulia unasoma ngapi. Usipopata hiyo namba ya utulivu, zinazofuata hazina maana, ni sawa na kupima mchele bila kutoa uzito wa gunia. Halafu ndio zinakuja filamu fupi za dakika chache, kati ya moja na nyingine wanasubiri damu irudi chini.

Kwa hapa kwetu mtu akitaka kuufanya utafiti wa namna hiyo angeanza kwa kuomba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mbele ya kamati angeulizwa hizo filamu anazitoa wapi na anazionyeshaje, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta. Sio kazi ya kuamka asubuhi na kuanza.

---

Mzee wa Mapipa

Marahaba. Hapo kwenye gunia umenikamata, nilikuwa na mashine ya kusaga.

---

BintiTemeke

Nimejiunga humu miaka minne iliyopita, leo ndio naandika kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mnihurumie.

Mimi nilishawahi kuwa upande wa pili wa huo mlango. Nilikuwa nasoma ng'ambo, pesa ya kujikimu imechelewa, nikaona tangazo kwenye ubao wa chuo: wanatafuta wanawake wazima kwa utafiti wa "mwitikio wa mwili kwa filamu". Walilipa vizuri kuliko kuosha vyombo. Nikaenda.

Siku ya kwanza haikuwa na kifaa chochote. Dada mmoja mpole alinikalisha, akanionyesha kila kitu mkononi, akanisomea karatasi ya ridhaa kurasa kadhaa, akarudia mara tatu kwamba naweza kuondoka wakati wowote na hela yangu napata. Nilidhani ni adabu za kizungu tu. Siku ya pili ndio nikaelewa kwa nini anarudia.

Chumba kidogo, kiti cha kujilaza kimefunikwa karatasi safi, blanketi, skrini. Kifaa kimetoka kwenye dawa ya kuua vijidudu, kiko kwenye kifuko kimefungwa. Unakiweka mwenyewe, unasema kwenye kipaza sauti "tayari". Pembeni ya kiti kuna kijiti cha kusukuma mbele na nyuma, kama gia. Kazi yake: ukijisikia umesisimka unasukuma mbele, ukijisikia umetulia unarudisha. Kwa hiyo wanachukua habari mbili kwa wakati mmoja, mwili unasema nini kupitia kifaa, na wewe unasema nini kupitia kijiti.

Filamu ya kwanza ndege wa baharini. Nikalala kidogo. Za baadaye zilikuwa za watu. Kati ya filamu na filamu wanakuambia uhesabu kurudi nyuma kwa saba saba kuanzia mia moja na kitu. Mimi hesabu ilinishinda tangu darasa la tano, nadhani ndio sehemu iliyonipandisha mapigo ya moyo kuliko zote.

Ukijisogeza, mstari kwenye kompyuta unaruka kama umepigwa shoti. Nilikohoa mara moja tu, sauti ikatoka ukutani: "Pole, tutaifuta hiyo sehemu." Hapo ndio nilikumbuka kuna mtu anatazama wimbi la damu yangu akiwa na kikombe cha kahawa.

Mwisho yule dada akaniuliza kama nataka kuona mchoro wangu. Nikakubali. Kulikuwa na filamu moja niliyoichukia, kijiti sikukisogeza hata nukta, nilikuwa natamani iishe. Kwenye mchoro, wimbi limepanda. Nilibishana naye. Nikamwambia mashine yenu mbovu.

---

KakaKigamboni

Hahaha! Mashine haijakosea dada. Ndio yale yale tunayosema kila siku, mdomo unakataa mwili unakubali. Sayansi imethibitisha. Fundi funga uzi.

---

FundiSaketi

Sifungi, kaka. Tena hapo ndipo nilipotaka kufika, na umefika kwa mguu usio wenyewe.

Hicho alichokiona BintiTemeke kina namba. Mwaka 2010 Meredith Chivers wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, na wenzake walikusanya tafiti 132 za maabara zilizochapishwa kati ya 1969 na 2007, jumla wanawake 2,505 na wanaume 1,918. Swali lao: kifaa na kauli ya mtu vinakwenda pamoja kiasi gani? Wanatumia namba kati ya sifuri na moja. Sifuri maana yake kila kimoja na njia yake, moja maana yake vimefungwa kamba moja. Kwa wanaume ilitoka 0.66. Kwa wanawake 0.26.

Sasa wewe umeisoma hiyo 0.26 kwamba wanawake wanasema uongo. Nijibu: nani kakuambia kifaa ndicho kinachosema kweli? Kifaa kinasema kuna damu. Basi. Hakijawahi kusema "anataka". Mimi nikikupima presha nikakuta 150, siwezi kusema umemkasirikia nani.

Chivers huyohuyo mwaka 2005, yeye na Michael Bailey, waliwaonyesha watu filamu ya bonobo, wale sokwe wadogo wa Kongo, wakipandana. Wanaume, pete kimya. Wanawake, wimbi likapanda kidogo, chini kuliko kwa filamu za binadamu lakini likapanda. Walipoulizwa wenyewe, hawakuripoti kusisimka. Sasa kaka yangu wa Kigamboni, kwa hesabu yako hao dada wanawatamani sokwe?

---

pweza_wa_feri

KakaKigamboni njoo ujibu, kivuko bado hakijaondoka.

---

KakaKigamboni

Nilikuwa natania tu jamani. Lakini sasa kama hawatamani, damu inaenda kufanya nini huko? Mwili haufanyi kazi bure.

---

FundiSaketi

Swali zuri kuliko la mwanzo. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mwili wa mwanamke unajiandaa wenyewe ukinusa tu dalili kwamba tendo linaweza kutokea, mwenyewe atake asitake. Ute unazuia michubuko, na mchubuko ni mlango wa maambukizi. Kwa hiyo ni kama kope kufumba vumbi likija, hazisubiri ruhusa ya mwenye jicho. Ni dhana, inabishaniwa, lakini inaeleza bonobo vizuri kuliko "mdomo unakataa mwili unakubali".

Na kuna jambo la maumbile la kawaida kabisa. Mwanaume kiungo chake anakiona, anakihisi kwenye suruali, kinampa taarifa tangu utotoni. Akili yake na kiungo vinazoeana. Mwanamke mabadiliko yake yako ndani.

---

Nesi wa Zamu

Nilitaka kulala, nikasoma ile ya "mdomo unakataa mwili unakubali", usingizi ukaruka. KakaKigamboni umeomba radhi na sikushikii neno, ila wacha niseme kwa ajili ya wanaosoma bila kuandika.

Nafanya kazi wodini hapa Dar, na kwa muda nilihudumu kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, pale anapopokelewa mtu aliyefanyiwa ukatili, daktari, polisi na ustawi wa jamii wote mahali pamoja, fomu ya polisi ya PF3 inajazwa hapohapo. Maswali ya daktari yakiisha, mtu akibaki na mimi tu, huwa kuna swali analiuliza akiwa anaangalia chini. Analiuliza kwa maneno tofauti lakini ni lilelile: "Sista, mwili wangu uliitikia. Je, ina maana nilitaka?"

Wapo wanawake. Wapo na vijana wa kiume, na hao ndio wanaumia zaidi, kwa sababu kila mtu mtaani kwao anaamini mwanaume hawezi kusimama bila kupenda. Wengine hawaendi dawati la jinsia kwa sababu hiyo peke yake. Wanahisi mwili umetoa ushahidi dhidi yao.

Mimi huwa nawauliza kama wamewahi kukata vitunguu. Machozi yalitoka? Yalitoka. Ulikuwa umefiwa? Basi. Wengine wanacheka kidogo, wengine wanalia zaidi, lakini wanalichukua.

Haya mambo fundi anayoleta, nilikuwa nayasema kwa uzoefu bila kujua kuna watu wameyapima kwa namba. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha ubakaji, kwa mwanamke mtu mzima kinauliza kama kulikuwa na ridhaa. Hakiulizi damu ilikwenda wapi.

---

BintiTemeke

Nesi, asante. Mimi filamu ile niliyoichukia ilinisumbua wiki nzima, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti salama nalipwa.

---

FundiSaketi

Dada Nesi, kuhusu vijana wa kiume kuna jaribio linalokuunga mkono kabisa. Mwaka 1983 David Barlow na wenzake Marekani waliwaonyesha wanaume wazima wenye afya filamu za mapenzi huku wakiwatishia kwamba wanaweza kupigwa shoti ya umeme. Akili ya kawaida inasema hofu itazima kila kitu. Pete ikaonyesha kinyume, tishio liliongeza mwitikio. Hofu inaamsha mwili mzima, moyo unakwenda mbio, na mwili hautenganishi sana vitu hivyo. Kwa hiyo kijana anayesema "niliogopa na bado nilisimama" anasema kitu ambacho maabara imeshakiona kwa macho.

---

MsomiNusu

Naingia kuharibu sherehe kidogo. Mnaongea kama hiki kifaa kilitengenezwa kutafuta elimu. Kilizaliwa jeshini.

Miaka ya 1950, Chekoslovakia, daktari Kurt Freund. Jeshi lilikuwa na tatizo la vijana wanaokwepa kuandikishwa kwa kudai ni mashoga. Wakataka njia ya kujua nani muongo. Freund akatengeneza chupa ya kioo inayofunga uume, hewa iliyomo ikisukumwa na uume unaojaa, inapimwa. Ile ni nyeti kuliko pete ya zebaki, inanasa badiliko ambalo hata mwenyewe hajalihisi. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia 1968 akahamia Kanada, akaendelea na kazi Toronto.

Freund mwenyewe ni habari ndefu. Alianza kwa kujaribu "kuwatibu" mashoga, akawafuatilia, akaona tiba haibadilishi kitu, na akawa miongoni mwa waliotetea sheria ya nchi ile ibadilishwe. Ikabadilishwa 1961. Sasa hapo kila mmoja na msimamo wake, sitaki vita humu. Ninachosema, mtu aliyejenga kifaa alikubali matokeo yaliyompinga yeye mwenyewe. Sio wengi wanaweza.

Lakini kifaa hakikurithi tabia ya mwenyewe. Hiyo Cheki, miaka mingi baadaye, ilikuja kukitumia kwa wakimbizi walioomba hifadhi kwa kudai wanateswa kwao kwa sababu ya ushoga. Unavishwa, unaonyeshwa picha, usipoitikia "sawasawa" unaambiwa muongo. Umoja wa Ulaya ulipiga kelele 2010, na Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema vipimo vya namna hiyo kwa waomba hifadhi havikubaliki, vinavunja utu. Kanada nako, jimbo la British Columbia lilikuwa likiwapima vijana waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono, likaacha 2010 baada ya kelele.

Na tena kinadanganyika. Mwanaume akiamua, akaangalia skrini huku anapiga hesabu ya kodi ya nyumba, damu inashuka.

---

Mzee wa Mapipa

Kodi ya nyumba inashusha kila kitu, hiyo haihitaji maabara.

---

FundiSaketi

MsomiNusu, hujaharibu, umeongeza. Nikupe na udhaifu mwingine wa kifundi, maana vifaa navifahamu.

Kifaa cha wanawake hakina kipimo halisi. Pete inatoa milimita, milimita ni milimita hapa na Mbeya. Wimbi la kile kingine linatoka kwa milivolti tu, na linategemea kifaa kimekaa pembe gani, umbo la mtu, joto. Huwezi kusema mwanamke A kasisimka mara mbili ya B. Unaweza tu kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, ndege wa baharini dhidi ya filamu. Watu wakiona mchoro kwenye habari wanasahau hilo.

Ndio maana wengine walihamia kamera za joto. Damu ni ya moto, ikija ngozi inapata joto, kamera inaona kwa mbali bila kumgusa mtu, na kipimo ni nyuzi za selsiasi kwa wote, mke na mume. Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walifanya hivyo mwaka 2007. Mnajua ule usemi wa mwanamke kama jiko la mkaa na mwanaume kama jiko la gesi? Walikuta muda wa kufika kilele cha joto ni kama dakika 11 kwa wanaume na 12 kwa wanawake, tofauti isiyo na uzito.

---

pweza_wa_feri

Dakika 11 KWA WANAUME? Hao wazungu wana gesi ya mtungi mdogo.

---

BintiTemeke

😂 Jamani.

Niongeze kitu. Filamu zenyewe ni tatizo. Zile nilizoonyeshwa nusu yake zimetengenezwa na mtu asiyewahi kuongea na mwanamke. Nikaja kusoma kwamba Ellen Laan na wenzake wa Amsterdam walilipima hilo mwaka 1994: filamu iliyotengenezwa na mwanaume na iliyotengenezwa na mwanamke, watazamaji wanawake. Kifaa hakikuona tofauti. Wanawake wenyewe waliiona, na kubwa: ya mwanamke mwenzao iliwasisimua zaidi, ile nyingine iliwatia aibu na karaha. Kwa hiyo ungetegemea kifaa tu ungesema filamu zote sawa.

Na nani anaenda kwenye hizi tafiti? Mimi nilikwenda kwa njaa. Lakini wanaojitokeza mara nyingi ni watu wasioona haya na mambo haya kuliko wengine. Shangazi yangu wa Mbagala huwezi kumpata hata umpe kiwanja.

---

DukaLaDawa_Mwenge

Naona mmesahau muuza vumbi aliyeanzisha yote haya. Mimi niko kwenye famasi, naomba nichangie upande wangu.

Sildenafili, ile mnayoiita kidonge cha bluu, hiyo kweli ilipimwa. Ilianza kama dawa ya kubanwa kifua, ikaonekana inafanya kazi nyingine. Majaribio ya miaka ya 1990 yalitumia kifaa kinachoitwa RigiScan, pete mbili, moja chini moja karibu na kichwa, zinabana kidogo kila baada ya muda kupima ugumu pia, siyo unene peke yake, na kuna mashine inafungwa pajani inarekodi. Wanaume wakaonyeshwa filamu, wengine wamekunywa dawa, wengine kidonge kisicho na kitu, na hakuna anayejua amepewa kipi. Hiyo ndiyo maana ya neno "imepimwa". Marekani iliipitisha Machi 1998.

Kampuni iliyoitengeneza ikajaribu na kwa wanawake, miaka mingi, ikaacha 2004. Damu ya kwenda huko iliweza kuongezwa. Hamu haikufuata. Ndio hayo hayo mnayoyasema humu.

Sasa vumbi. Kuna jambo naomba mlishike: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeshatoa maonyo mengi sana kuhusu bidhaa za "asili" zilizokutwa na sildenafili imefichwa ndani bila kuandikwa. Mtu anaona "mizizi imefanya kazi" kumbe amekula kidonge asichojua kipimo chake. Ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka mpaka ufe. Nimeona wazee wanakuja wananunua dawa ya moyo mkono huu, mfuko wa vumbi mkono ule. Kama imesajiliwa, aonyeshe usajili wa mamlaka, siyo usajili wa spika.

---

Mzee wa Mapipa

Hapo mwanangu umenigusa, sitasema zaidi. Nitapita Mwenge kesho.

Lakini kuna kitu nataka kujua. Mimi mchana mambo hayaendi, alfajiri yanaenda. Ndio ugonjwa gani huo?

---

Nesi wa Zamu

Shikamoo baba. Hiyo ni habari njema zaidi ya unavyodhani, ila bado onana na daktari, hasa kama una sukari au presha, maana mishipa ya huko ni myembamba na mara nyingi ndiyo inayotoa taarifa kabla ya ile ya moyo.

Mwanaume mwenye afya husimama mara kadhaa usiku akiwa kwenye usingizi wa ndoto, bila ndoto yenyewe kuhusika, hata watoto wachanga wanasimama. Kama usiku kunafanya kazi, mabomba yako salama, tatizo linaweza kuwa mawazo, hofu au dawa unazotumia. Zamani, kabla RigiScan haijaenea, madaktari walikuwa wanamfunga mtu mkanda wa stempu za posta wakati wa kulala. Asubuhi zikikutwa zimekatika kwenye vitobo, jibu limepatikana.

---

Mzee wa Mapipa

Marahaba binti yangu. Stempu ninazo za zamani sana, za barua za mwaka 1977, nitaangalia kama gundi bado inashika.

---

pweza_wa_feri

Uzi umenishinda nguvu. Fundi, mke wako amesoma?

---

FundiSaketi

Amesoma. Kasema nimeandika sana kuliko ninavyoongea nyumbani.

Na mrejesho, maana niliahidi kichwani: leo nimerudi Msimbazi, jamaa yuko palepale, spika ileile. Nimemweleza taratibu, pete, zebaki, kidonge kisicho na kitu, watu wawili kundi hili wawili kundi lile. Amenisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akazima spika, akaniinamia sikioni.

"Bosi, hiyo pete unaweza kuipata kwa bei ya jumla?"